Mpiga Zitha Aliyeuteka Mji wa Mozart

Filamu inaanza bila mtu. Hakuna mji, hakuna uso, hakuna hata vidole vya anayepiga. Pazia lote la sinema limejaa nyuzi za ala moja zilizolala juu ya tundu la sauti, na majina ya waigizaji yanapita juu yake huku nyuzi zikitetemeka zenyewe. Kabla hujajua hadithi inahusu nini, mguu wako umeshaanza kugonga sakafu. Kisha kwa zaidi ya saa moja na nusu unapitishwa makaburini, hospitalini kwa watoto waliodungwa dawa iliyochakachuliwa, na ndani ya mifereji ya majitaka ambamo mtu mmoja anawindwa usiku. Kuna mahali muziki unanyamaza, na nitapafikia. Lakini kila unaposikika haubadilishi sura. Unachekacheka tu, kana kwamba haukupelekewa habari za msiba.

Filamu hiyo ni The Third Man ya mwongozaji Mwingereza Carol Reed, iliyotoka mwaka 1949 na kupata tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwaka huohuo. Huenda hujawahi kuitazama, na bado ukawa umeusikia wimbo wake mahali bila kujua ulikotoka. Mwaka 1950 rekodi yake ilikaa kileleni mwa orodha ya mauzo ya jarida la Billboard nchini Marekani kwa wiki 11, kuanzia mwisho wa Aprili hadi Julai. Aliyeutunga na kuupiga, Anton Karas, alikuwa mpiga ala wa vilabu vya mvinyo pembezoni mwa Vienna, mtu wa kupokea senti mezani. Nimeuzunguka mji huo na wimbo wake kichwani, na naamini hakuna muziki wa filamu uliowahi kuumiliki mji wa kweli kiasi hicho. Uliumiliki kwa sababu ya ukaidi wake: ulikataa kuomboleza.

Ili uone ukaidi huo ulikuwa na uzito gani, lazima uione Vienna ilivyokuwa. Vita vilipokwisha mwaka 1945, mji uligawanywa kati ya Marekani, Uingereza, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti, kila mmoja na kanda yake. Wilaya ya kwanza, yaani moyo wa mji, ilikuwa ya wote wanne. Uenyekiti wake ulizunguka kila mwezi, na doria ilifanywa na askari wanne ndani ya gari moja, mmoja kutoka kila jeshi. Jumba la Opera lilikuwa limeteketea kwa mabomu Machi 1945. Kanisa kuu la Mtakatifu Stefano liliungua mwezi uliofuata. Mji ulioupa ulimwengu waltz ulikuwa unalala na njaa, ukinunua sigara, viatu na matairi uchochoroni.

Februari 1948 mwandishi Graham Greene alifika huko, ametumwa na mtayarishaji wa filamu Alexander Korda kutafuta hadithi. Alifikia Hotel Sacher, akazurura kati ya magofu, na siku zikawa zinakwisha hana kitu cha maana mkononi. Kilichomwokoa ni chakula cha mchana na ofisa kijana wa ujasusi wa Uingereza. Ofisa huyo alimsimulia mambo mawili: kwamba kuna polisi wanaofanya doria chini ya ardhi, ndani ya mifereji ya majitaka, na kwamba kuna biashara ya magendo ya penisilini. Greene akaviunganisha vitu hivyo viwili kwa jina la mtu mmoja, Harry Lime.

Hadithi yenyewe si ndefu. Holly Martins, Mmarekani anayeandika riwaya za bei rahisi za wachunga ng'ombe, anakuja Vienna kwa mwaliko wa rafiki yake Harry. Anafika na kuambiwa Harry amegongwa na gari, na mazishi ni leo. Watu wawili waliubeba mwili, kila shahidi anakubali. Bawabu wa jengo peke yake anasema walikuwa watatu. Polepole Martins anagundua kwamba rafiki yake alikuwa mlanguzi, na si mlanguzi wa kawaida. Msomaji aliyeishi Tanzania ya mwaka 1983, wakati wa msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, anakumbuka sabuni na sukari zilivyokuwa zikipita njia za giza, na anakumbuka pia kwamba mara nyingine mlanguzi alikuwa jirani aliyependwa mtaani. Lime ni wa namna hiyo, anapendeka. Tofauti ni kwamba bidhaa yake ni penisilini iliyoibwa katika hospitali za majeshi, ikaongezwa maji, ikauzwa. Watoto wenye homa ya uti wa mgongo walidungwa maji hayo. Filamu haituonyeshi hata mtoto mmoja. Inatupeleka wodini, inatuonyesha nyuso za watu wazima wakiinamia vitanda, na dubu wa kuchezea akitupwa. Basi.

Sasa weka hadithi hiyo mezani kwa mtu yeyote aliyekuwa akitengeneza filamu wakati ule na umwulize muziki uwe upi. Angekwambia orkestra kubwa, fidla zinazolia, na kwa kuwa ni Vienna, waltz ya Strauss iliyochezwa polepole kwa huzuni. Reed hakutaka waltz. Alipokuwa akipiga picha mjini humo katika miezi ya mwisho ya mwaka 1948, alimsikia Karas.

Zitha ni kisanduku bapa cha mbao kinacholazwa mezani au magotini. Upande wa karibu na mpigaji kuna nyuzi tano zinazopita juu ya ubao wenye vigawanyo vya chuma, na hizo ndizo zinazobeba wimbo. Baada yake zinafuata nyuzi nyingine thelathini na kitu za kuitikia. Mkono wa kushoto unabana, na gumba la kulia limevishwa pete ya kuparuzia. Kwa ukoo ni ndugu wa ganuni tunayoisikia kwenye taarab ya Unguja, maana zote mbili ni visanduku vya nyuzi visivyo na shingo. Ila ganuni hukaa kwa heshima ndani ya kundi, ikisubiriwa ifungue wimbo, wakati zitha ya Vienna ilizoea kukaa katikati ya bilauri.

Ilikuwa ala ya vilabu viitwavyo Heuriger, katika vijiji vya mashamba ya mizabibu kama Sievering na Grinzing ambavyo mji umevimeza. Huko mkulima huuza mvinyo wake mpya nyumbani kwake mwenyewe, na hutundika matawi ya msonobari juu ya mlango watu wajue kuwa amefungua. Haki hiyo ya kuuza walipewa na Kaisari Joseph wa Pili kwa amri ya mwaka 1784. Ukienda leo kwenye uwanja wa Josefsplatz, mbele ya jengo la Palais Pallavicini lenye sanamu za wanawake kando ya mlango, utamwona kaisari huyo wa shaba akiwa juu ya farasi. Ndipo hapo, kwenye filamu, Harry Lime anadaiwa kugongwa na gari, na mwili wake unabebwa hadi miguuni pa sanamu. Sijaona popote kwamba Reed aliwahi kuufikiria uhusiano huo, lakini mimi unanifurahisha: aliyewaruhusu wakulima kufungua vilabu ndiye shahidi wa shaba wa kifo cha uongo, na muziki tunaousikia umetoka katika vilabu vyake.

Karas alikuwa na miaka 42. Reed alimchukua hadi Uingereza, akamkalisha nyumbani kwake, na kwa wiki kadhaa mtu huyo wa Vienna aliyejaa kiu ya nyumbani alitazama vipande vya filamu vikirudiwa na kurudiwa, akipiga na kupiga. Wimbo mkuu, ule wa Harry, ulimchosha. Baadaye alieleza kwamba kilabuni alipendelea nyimbo nyepesi ambazo mtu anaweza kuzipiga huku anakula soseji, kwa sababu huu ulikuwa unamaliza vidole. Na kweli ukiusikiliza vizuri utasikia chuma kikikwaruza ngozi. Si sauti safi. Reed aliiacha hivyohivyo.

Hapo pana ujasiri ambao watengenezaji wetu wa filamu wangeweza kuutazama kwa makini. Filamu nyingi za hapa nyumbani humwaga kinanda cha umeme juu ya kila tukio, cha huzuni penye huzuni na cha hofu penye hofu, mpaka mtazamaji anakosa nafasi ya kuhisi lolote kwa akili yake. Karas anafanya kinyume. Macho yako yanaona jeneza, masikio yanasikia mtu anayekunywa. Unalazimika kuchagua la kuamini, na katika kuchagua huko unashtuka, kwa sababu unagundua kuwa furaha hiyo ya muziki ni furaha ya Harry mwenyewe. Yeye ndiye anayechekacheka. Tangu sekunde ya kwanza tulikuwa ndani ya kichwa chake, naye hata hajatokea.

Anatokea baada ya kama saa nzima. Ni usiku, paka anajisugua kwenye viatu vya mtu aliyejificha mlangoni, mtaa wa Schreyvogelgasse. Martins, aliyelewa, anampigia kelele yule mtu ajitokeze. Jirani aliyeudhika anawasha taa dirishani, mwanga unaangukia mlangoni, na hapo yupo mwigizaji Orson Welles, marehemu mwenyewe, anainua nyusi kidogo na kutabasamu kama aliyekutwa akila vya kuiba. Zitha inaingia. Mlango upo mpaka leo, namba 8, na huhitaji kuuliza njia, maana mara nyingi utakuta mgeni fulani amesimama ndani yake anapigwa picha. Nami nilisimama. Ilikuwa mchana, jua kali, mtu wa kusambaza vifurushi akisubiri kwa subira nitoke amalize kazi yake.

Vienna ya leo haisaidii. Ni safi kupita kiasi, tajiri, tramu zake zinafika kwa dakika, na magofu hayapo. Kilichobaki cha ajabu kimehamia kwingine. Karibu na Opera na kanisa la Stefano utazingirwa na vijana waliovaa wigi jeupe na koti jekundu la karne ya 18, kila mmoja ni Mozart, anakuuzia tiketi ya tamasha la jioni huku simu iko sikioni. Unamkwepa Mozart mmoja unaangukia kwa mwenzake. Chini yao, kwenye njia ya waenda kwa miguu inayounganisha Opera na kituo cha Karlsplatz, kwa miaka mingi kulikuwa na choo cha kulipia kilichopiga waltz za Strauss, ili mtu ajisaidie kwa mwendo wa tatu kwa nne. Mji unaojiuza namna hiyo hauwezi kulalamika kwamba filamu ilipotosha sura yake.

Na mwendo mfupi tu kutoka hapo, katika bustani ndogo, kuna kifuniko cha chuma chenye pande zinazofunguka juu kwa pembetatu. Ndiyo njia ya kuingilia katika ziara ya mifereji. Wanaoiendesha ni watu wa idara ya majitaka ya mji wenyewe, si waigizaji. Wanakuvika kofia ngumu yenye taa, unashuka ngazi za mzunguko, na harufu inakupokea kabla ya giza. Sehemu hiyo ya mifereji ilichimbwa baada ya mlipuko wa kipindupindu wa miaka ya 1830 na 1831, uchafu uliokuwa ukimwagwa mtoni Wien ukaelekezwa pembeni. Kiongozi wa msafara anakueleza hayo kwa lugha kavu ya fundi, mita na mteremko na mvua kubwa. Kisha anazima taa. Ukutani, juu ya matofali yenye majimaji, kunarushwa picha: Harry Lime anakimbia kwenye korido hiihii uliyosimama, vivuli vya askari vinamfuata, na kutoka gizani nyayo zinasikika huwezi kujua ni za filamu au za mtalii Mjerumani aliye nyuma yako. Nilijikuta nimeshika ukuta ambao sikutaka kuushika.

Ajabu ni kwamba mle ndani, kwenye filamu, zitha haimo. Kwa sehemu kubwa ya msako huo Reed ameinyamazisha kabisa. Unasikia maji, filimbi, mwangwi wa amri kwa Kijerumani, buti. Tumezoea kudhani kwamba muziki mkubwa wa filamu ni ule unaojaza kila pengo, kumbe nguvu ya huu iko pia pale ulipoondolewa. Harry alikuwa na wimbo alipokuwa juu anatawala. Alipokuwa panya hakuwa na wimbo. Unarudi mwishoni, amejeruhiwa, anapanda ngazi za chuma, anapenyeza vidole kwenye wavu wa barabarani kuutafuta mji ambao hauko tayari kumpokea. Vidole vyenyewe si vya Welles. Ni vya Carol Reed. Welles alikaa Vienna muda mfupi, akaichukia harufu ya chini, na sehemu kubwa ya mbio zake zilipigwa ndani ya mifereji ya bandia huko Shepperton, Uingereza. Kwa hiyo mtalii aliyeshuka mfereji wa kweli amefika mahali ambapo mhusika alikimbia sana na mwigizaji kidogo.

Uongo wa namna hiyo umejaa kila mahali katika filamu hii na ndio unaoifanya ziara yake iwe ya kuchanganya. Usiku, mitaa ililowanishwa maji ili mawe yang'ae. Mpiga picha Robert Krasker, aliyepata Oscar kwa kazi hiyo, aliiinamisha kamera upande kiasi kwamba mwongozaji mwenzake Reed, William Wyler, alimpelekea Reed pimamaji la fundi, aliweke juu ya kamera siku nyingine. Kule uwanja wa Am Hof, Harry anapotelea ndani ya nguzo ya matangazo yenye mlango. Nguzo iliwekwa na watu wa filamu. Ukijaribu kufuata kwa miguu njia anayokimbilia, kutoka mlango wa paka hadi Am Hof, unagundua kwamba kona moja ya filamu inaruka mitaa kadhaa ya mji. Nilikuwa na ramani mbili, ya Vienna na ya Reed, na kila niliposimama niulize niko wapi ya pili ndiyo iliyojibu haraka.

Mahali pamoja mambo yaligeuka, mji ukaishinda filamu. Ni kwenye Riesenrad, gurudumu kubwa la bembea katika bustani ya Prater. Lilijengwa mwaka 1897 na mhandisi Mwingereza Walter Bassett, na kilele chake kiko mita 64.75 juu ya ardhi. Linakwenda polepole mno. Vyumba vyake ni vya mbao, vyekundu, vikubwa kama behewa dogo. Humo ndimo Harry anamfungulia Martins mlango, anamwonyesha watu walioko chini wadogo kama nukta, na kumwuliza kama kweli angehuzunika nukta mojawapo ikiacha kusogea, hasa kwa bei nzuri isiyotozwa kodi. Baadaye, wakiwa chini, anamwachia ile hotuba maarufu kuhusu Italia ya umwagaji damu iliyozaa wasanii wakubwa na Uswisi ya amani iliyozaa saa ya ukutani yenye ndege anayelia tu. Welles aliiongeza mwenyewe, haikuwemo kwenye muswada wa Greene. Waswisi walimkumbusha kwamba saa hizo ni za Msitu Mweusi, Ujerumani.

Watalii wanakuja kwa ajili ya hotuba hiyo. Wachache wanajua habari za mwenye gurudumu. Mwaka 1919 lilinunuliwa na mfanyabiashara Myahudi, Eduard Steiner, aliyekusudia kulibomoa na hatimaye akaliacha lizunguke. Wanazi walipoichukua Austria mwaka 1938 walimpokonya, na mwaka 1944 aliuawa Auschwitz. Mwaka huohuo gurudumu liliteketea kwa moto. Lilikarabatiwa na kuanza tena mwaka 1947 likiwa na vyumba 15 badala ya 30 vya awali, maana lilionekana halina nguvu ya kubeba vyote. Ndio maana ukilitazama utaona mapengo makubwa kati ya chumba na chumba, na mapengo hayo yamo kwenye filamu iliyopigwa mwaka mmoja baadaye. Nilipofika kileleni, kundi la wanafunzi lilikuwa linabishana kwa furaha nani asome maneno ya Harry. Nukta za chini zilikuwa zinatembea. Sikuweza tena kuyasikiliza maneno yale kama ujanja wa mwandishi.

Tramu namba 71 inakwenda Zentralfriedhof, makaburi ya kati ya mji, yaliyofunguliwa mwaka 1874. Wenyeji wakisema fulani amepanda 71 wana maana amefariki. Wamezikwa huko watu wapatao milioni 3, wengi kuliko wanaoishi Vienna, wakiwemo Beethoven, Schubert, Brahms na akina Strauss. Mwanzoni filamu inatupeleka hapo kwa mazishi ya uongo ya Harry na inaishia hapo kwa mazishi yake ya kweli. Greene aliandika mwisho mwema, Martins na Anna, mpenzi wa Harry, wakiondoka wameshikana mikono. Reed alikataa. Kwenye filamu Martins anasubiri kando ya njia ndefu yenye miti, Anna anakuja kutoka mbali kabisa, anakuja, anakuja, anampita bila hata kumtupia jicho, na kutoka nje ya picha. Greene alikuja kukiri hadharani kwamba Reed ndiye aliyekuwa sahihi.

Tazama tukio hilo ukiwa umeziba masikio. Ni mwanamke anatembea. Fungua masikio: Karas yuko peke yake, zaidi ya dakika nzima, hakuna mazungumzo ya kumsaidia, hakuna tukio la kumfichia makosa. Hapo ndipo nyuzi zilezile zilizochekacheka mwanzoni zinapokuwa na aibu. Hajabadilisha ala wala hajaongeza mtu. Kilichobadilika ni sisi, tunaojua sasa zilikuwa zinamchekea nani. Katika makaburi hayohayo wamelala watunzi waliotumia kwaya na orkestra nzimanzima, na sijui ni nani kati yao angeiweza dakika ile kwa kisanduku kimoja.

Wenyeji wenyewe hawakuupokea wimbo huo kwa mikono miwili. Filamu ilipoonyeshwa Vienna Machi 1950, wengi waliona ni mapema mno. Nani alitaka kulipa kiingilio aone magofu aliyoyapita njiani kuja sinema? Kwa wapenzi wa muziki kulikuwa na jeraha la ziada: mji wa opera unatambulishwa duniani kwa muziki wa walevi. Hasira hiyo naielewa, ingawa siikubali. Muziki wa opera ulikuwa wa Vienna iliyotaka kuonekana. Ule wa kilabu ulikuwa wa Vienna iliyokuwepo, yenye njaa, yenye ucheshi wa watu waliokwisha kuona mengi na hawataki kuulizwa walifanya nini wakati wa vita. Reed, mgeni, aliusikia kwa sababu hakuwa na sifa ya kulinda.

Karas alipiga mbele ya wafalme na mbele ya Papa, akazunguka dunia, na mwaka 1954 akafungua kilabu chake Sievering, akakiita kwa jina la filamu. Kilijaa wageni kutoka nje waliotaka wimbo uleule kila usiku. Alikifunga mwaka 1966, kwa kuwa alitamani kuwapigia majirani, nao majirani walikuwa wameshahamia kwingine. Alifariki Vienna Januari 1985. Mwaka 1999 Taasisi ya Filamu ya Uingereza iliiorodhesha The Third Man kuwa filamu bora kuliko zote za Uingereza katika karne ya 20. Filamu bora ya Waingereza, basi, imepigwa picha Austria, inabebwa na waigizaji wawili Wamarekani, na roho yake ni ya mpiga zitha asiyekuwa na kazi nyingine sinema kabla ya hapo.

Ukibahatika kufika, makumbusho ya filamu hiyo yako mtaa wa Pressgasse, karibu na soko la Naschmarkt, na zitha ya Karas imewekwa humo. Ni ya watu binafsi na siku yake ni Jumamosi, kwa hiyo panga safari yako vizuri. Ziara ya mifereji haifanyiki majira ya baridi. Sinema ya Burg Kino, iliyopo tangu mwaka 1912 kwenye barabara ya Opernring, imekuwa ikiionyesha filamu hii mara kwa mara kwa miongo mingi. Itazame humo kwanza, ndipo uende Prater. Usiyeweza kusafiri, itafute nyumbani, lakini hakikisha ni toleo la Uingereza, ambamo sauti ya msimulizi mwanzoni ni ya Reed mwenyewe. Lile la Marekani mtayarishaji David O. Selznick alilipunguza dakika 11, na msimulizi ni Martins, jambo linaloharibu mzaha wa kwanza kabisa: kwamba hakuna mtu mwema anayetupokea Vienna, ila sauti ya mtu asiyejulikana na nyuzi zinazocheka.